Lavenda inakubali Dar, shida ni kopo lako la maji

Nianze na ile ya kwanza iliyonifia. Niliinunua mwezi wa nne, masika imekolea kabisa, kwa muuza miche wa barabarani, mche mzuri una maua mawili ya zambarau juu, nikafika nyumbani nikauhamishia kwenye ndoo kubwa yenye udongo mweusi na samadi ya kutosha, nikauweka kibarazani nje kidogo ya paa ili upate jua. Asubuhi namwagilia, jioni namwagilia, nikiona jani limelegea naongeza maana kichwani kwangu hilo ni joto la Dar linamtesa mgeni. Wiki ya tatu majani ya chini yakageuka njano af yakakauka, mi nikaongeza maji. Wiki ya nne nikaushika shinani nikauvuta kidogo tu, ukaja wote mkononi. Mizizi myeusi, ukiibana na vidole ganda linachubuka linabaki kama uzi katikati, na harufu ile ya mtaro. Hapo ndo nikaelewa kwamba huyu hakufa kwa joto, alizama.

Baada ya huo nikaua mingine minne kwa njia tofauti tofauti ila ukiangalia vizuri ni njia ileile. Sa hivi nina vyungu saba, kikongwe kina miaka mitatu na kinatoa maua karibu mwaka mzima, kwa hiyo ntaeleza hatua kwa hatua navyofanya. Nipo Dar, kwa hiyo maelezo ni ya pwani, yaani Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, huko kwenye joto lenye jasho. Kama upo Arusha, Lushoto, Iringa au Nairobi huna haja ya kuhangaika hivi, we panda tu juani usiipe maji mengi, baridi ya usiku itakusaidia kazi nyingine.

Kwanza elewa unapigana na nini

Watu wanasema lavenda haiwezi joto. Sio kweli. Asili yake kubwa ni nchi za kuzunguka bahari ya Mediterania, vilima vya mawe, na kule Provence, Ufaransa, kwenye yale mashamba ya zambarau unayoyaona kwenye picha, kiangazi jua linawaka kwelikweli. Oman kuna lavenda ya mwituni kabisa, Lavandula subnuda, inaota kwenye miamba ya milimani ambako hata mbuzi anatafuta kivuli. Joto inalijua.

Ambacho haikijui ni joto na unyevu kwa pamoja. Kwao kukiwa na joto hewa ni kavu, na mvua nyingi zinakuja wakati wa baridi. Sisi kwetu ni kinyume, masika inanyesha hali ya hewa bado ya moto, usiku hakupoi, shati unalianika jioni asubuhi bado bichi. Mizizi ikikaa kwenye udongo wa moto uliolowa, vijidudu vya kuozesha mizizi jamii ya Phytophthora vinafurahi sana, na majani yake yana vinyweleo vidogo vya kushika unyevu, kwa hiyo hata juu inapata ukungu. Ukishaelewa hilo basi kila hatua inayofuata utaona ni kitu kimoja tu kinarudiwa: mawe, jua, upepo, kiu.

Hatua ya 1: Chagua aina, hapa ndo wengi wanafeli kabla hata hawajapanda

Lavenda sio moja, zipo aina zaidi ya 40. Zile utakazokutana nazo kwa wauza miche ama madukani ni hizi.

Kuna Lavandula angustifolia, hii wanaiita ya Kiingereza ingawa asili yake sio Uingereza, ndo ile yenye harufu tamu inayokamuliwa mafuta ya bei. Achana nayo kama upo pwani. Ili ichanue vizuri inataka ipitie kipindi cha baridi ya maana, na inasaidiwa na mchana mrefu. Provence mwezi wa sita mchana unapita masaa 15, Dar mwaka mzima tupo kwenye 12 hivi, na usiku wetu wa baridi kuliko yote, ule wa Julai tunaovalia masweta, ni nyuzi 18 au 19. Kwa hiyo hata ikipona itakuwa kichaka cha majani tu, na mara nyingi haiponi.

Kuna stoechas, ile yenye masikio makubwa ya zambarau juu ya ua kama sungura. Nzuri kwa macho, inavumilia kidogo kuliko ya Kiingereza, ila mi imenifia mara mbili masika.

Kuna zile chotara zinaitwa lavandini, ukiona jina Grosso ni humo. Hizi ni tasa, hazitoi mbegu ya kuotesha, kwa hiyo mtu akikuuzia pakiti ya mbegu za Grosso jua umeuziwa kitu kingine.

Af kuna dentata. Hii ndo yako. Jina ni la Kilatini maana yake yenye meno, na utaitambua hivo hivo: chukua jani moja liangalie ukingo wake kwa karibu, lina vijimeno kama chanuo dogo au kisu cha mkate, wakati ya Kiingereza ukingo wake umenyooka. Harufu yake sio tamu sana, ina ukali fulani wa kafuri, wengine wanaiona kama dawa ya kuchua, mi nimeizoea mpaka naipenda. Ua lake ni zambarau iliyopauka. Ila haidai baridi ndo ichanue, inachanua yenyewe tu, na inavumilia unyevu kuliko wenzake. Ukipata chotara yake inayoitwa Goodwin Creek Grey, yenye majani ya kijivu mazito kama yamepakwa vumbi, ichukue bila kuuliza mara mbili, ila huku kwetu ni ya kubahatisha.

Usiende na jina analokwambia muuzaji. Wengi wanaita kila kitu lavenda, hata mmea fulani wa maua ya zambarau usio na harufu yoyote. Kata jani, lisugue, nusa, angalia meno. Basi.

Kuhusu mbegu. Pakiti za mtandaoni zenye picha za lavenda ya bluu, ya pinki, hata nyekundu, hela yako hiyo. Na hata mbegu halali karibu zote ni za aina ya Kiingereza, zinataka zikae kwenye friji wiki 3 mpaka 4 ndani ya tishu yenye unyevu kidogo, af zipandwe juu juu bila kufukiwa maana zinataka mwanga, af zikae sehemu ya ubaridi wa wastani nyuzi 20 hivi, sasa nyuzi 20 unaitoa wapi wewe wa Tabata. Nilijaribu mbegu 50, zikaota 4, ikabaki 1, nayo ikaliwa na konokono. Nunua mche.

Mi ya kwangu ya sasa ilitoka Arusha kwa basi. Ukiagiza hivo mwambie anayekutumia asimwagilie siku ya safari, azungushie gazeti kwenye udongo, aweke kwenye boksi lenye matundu, sio mfuko wa plastiki uliofungwa. Ukiupokea usiukimbizie juani wala usiuhamishe chungu siku hiyohiyo. Uweke kivulini penye upepo siku 3 au 4, af jua la asubuhi tu, wiki ikiisha ndo unahamisha.

Hatua ya 2: Subiri mwezi

Panda kipupwe, yaani Juni mpaka Agosti. Masika imeisha, usiku umepoa kidogo, hewa kavu kavu, mche unapata miezi kadhaa ya kushusha mizizi kabla ya vuli na kabla ya lile joto la Januari na Februari. Ukipanda Machi ni kama kumpeleka mtoto shule siku ya mtihani.

Shangazi yangu yupo Maskati na yeye kalenda yake ni nyingine, anapanda mwezi wa kumi au wa kumi na moja joto lao likishavunjika, lavenda inastawi kipindi chao chote cha baridi, ikifika mwezi wa tano anaisogeza kivuli cha kuanzia saa sita mchana. Kule joto linapita nyuzi 40 kwa hiyo hata dentata inahitaji kuhurumiwa.

Hatua ya 3: Chungu

Chungu cha udongo wa kuchoma, kile cha kawaida cha mfinyanzi kisichopakwa rangi. Sio kwa urembo. Chungu cha udongo kinapumua, maji yanatokea pembeni, ukikigusa asubuhi kwa nje unasikia ubaridi, hiyo ni maji yanayokauka. Upana wa mdomo sentimita 30 unatosha kwa miaka miwili. Usiupe mche mdogo chungu kikubwa sana ukidhani unaufanyia wema, udongo mwingi usio na mizizi unabaki umelowa siku nyingi.

Huna chungu, ndoo ya rangi inafaa, ila matundu yasiwe yale mawili matatu ya msumari. Mi natoboa kama 10 chini kwa nondo ya moto, na mengine pembeni karibu na kitako.

Na ile sahani ya chini ondoa. Sijui nani alituambia kila chungu kiwe na sahani. Weka chungu juu ya matofali mawili, maji yatoke moja kwa moja, upepo upite chini, na mchwa wapate shida kidogo kupanda.

Hatua ya 4: Udongo, na hapa usione aibu kuweka uchafu wa fundi ujenzi

Ule udongo mweusi wa viroba wanaouza wauza maua ni mzuri kwa mchicha. Kwa lavenda ni kaburi. Mchanganyiko wangu napima kwa kopo lolote, la rangi au la maziwa:

- makopo 2 ya mchanga wa mto, ule wenye chembe kubwa
- kopo 1 la kokoto ndogo, saizi ya punje ya mahindi hadi njugu
- kopo 1 la udongo wa kawaida uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri, nusu kwa nusu

Ukichanganya ushike ngumi moja iliyolowa, ubane, fungua mkono. Ikibaki donge kama la ugali ongeza mchanga na kokoto. Inatakiwa ibomoke yenyewe. Jaribio la pili mwaga maji kwenye chungu kilichojazwa kabla ya kupanda, uhesabu. Maji yakisimama juu zaidi ya sekunde chache hujamaliza kazi.

Mchanga wa baharini usitumie hivi hivi, una chumvi. Makumbi ya nazi yaliyosagwa, hayo yanayosifiwa kwa kila kitu sa hivi, yanashika maji, acha. Maganda ya mpunga kidogo sawa. Samadi weka mkono mmoja tu iwe imeoza kabisa, mbolea ya kuku usithubutu. Lavenda ukiilisha sana inarefuka, inalegea, inatoa majani laini mengi na maua hamna, af inaugua.

Kitu ambacho pwani tumebarikiwa ni chokaa. Lavenda inapenda udongo usio na uchachu, pH (kipimo cha uchachu) ya 6.5 kwenda 8, na mawe yetu ya matumbawe ni chokaa tupu. Kama upo sehemu zile za maweni Unguja ama Kilwa udongo wako tayari upo sawa. Huna uhakika, chukua kijiko cha udongo mkavu umwagie siki, ukichemka mapovu una chokaa ya kutosha. Haujachemka, ponda vipande vya matumbawe yaliyobaki kwa mafundi, au kombe zilizooshwa chumvi, weka konzi moja kwa chungu. Majivu ya mkaa pia yanasaidia lakini kijiko kimoja tu, sio kila wiki.

Hatua ya 5: Kupanda

Toa mche kwenye kiroba chake, kama mizizi imejizungusha ifumue kidogo kwa vidole. Panda juu kidogo kuliko ulivyokuwa, shina liwe kwenye kakilima ka sentimita 2 au 3, maji yakimbie pembeni. Halafu juu ya udongo tandika kokoto, ikiwezekana nyeupe. Usitandike majani makavu wala vumbi la mbao, hayo yanashika unyevu pale pale shinani. Kokoto nyeupe zinakauka dakika chache baada ya mvua na zinarudisha mwanga juu kwenye majani ya ndani ya kichaka, mimea yangu yenye kokoto majani yake ya chini ni mazima mpaka leo na ule mmoja nisiouwekea umekuwa na upara.

Kama unapanda ardhini basi sio bapa. Inua tuta la sentimita 30 mpaka 45 lenye mawe na vifusi ndani, acha sentimita 60 hadi 90 kati ya mche na mche. Watu wanabananisha wapate ile picha ya shamba la Ufaransa. Huku ukibananisha upepo haupiti, na upepo ndo dawa yako ya ukungu.

Jua: masaa 6 hadi 8. Bora kabisa ni upande wa mashariki, jua la kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana, af kivuli chepesi. Epuka kuegesha chungu kwenye ukuta wa magharibi, ukuta ule unapigwa jua jioni nzima na unatema joto mpaka saa nne usiku, mche haupumziki.

Hatua ya 6: Maji

Hapa ntakaa kidogo maana hapa ndo maiti zote tano zilitokea.

Mche mpya wiki mbili za kwanza mpe maji kila baada ya siku 2 au 3, mengi mpaka yatoke chini. Baada ya hapo sahau ratiba. Hamna kitu kinaitwa kila siku asubuhi. Unamwagilia udongo ukikauka, na sio juu, ndani. Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, ukisikia ubaridi tu ondoka. Njia ninayoipenda zaidi ni kunyanyua chungu. Siku ukishamwagilia vizuri kinyanyue usikie uzito, af kinyanyue kila asubuhi kabla hujaenda kazini, siku kitakapokuwa chepesi mpaka ukashtuka, siku hiyo mwagilia. Kwangu Julai inafika siku 7 hata 10. Januari na Februari ni siku 3 au 4. Masika ikiwa nje haipati hata tone kutoka kwangu.

Maji yaende kwenye udongo, sio juu ya majani, na iwe asubuhi ili kilicholowa kikauke kabla ya giza. Ule mchezo wa kusimama na mpira jioni unanyeshea bustani nzima unaongea na simu, lavenda iweke mbali na hapo.

Sasa mtego wenyewe. Lavenda iliyozidiwa na maji na lavenda yenye kiu zinafanana, zote zinalegea. Tofauti iko kwenye udongo tu. Imelegea na udongo mkavu, hiyo ni kiu, mpe maji, ikifika jioni itasimama. Imelegea na udongo umelowa, mizizi inaoza, na kila tone unaloongeza ni la kuizika. Hiyo ya pili ukiiwahi itoe kwenye chungu, kata mizizi yote myeusi, punguza majani nusu, irudishe kwenye mchanga na kokoto vikavu, kivulini, na uombe Mungu. Kwangu imepona moja kati ya tatu.

Mtego wa pili ni rangi. Dentata na hizo chotara zina majani ya kijivu kijivu kwa asili, ndo kinga yake ya jua. Mama yangu alikuja kutoka Tanga kunisalimia akakaa wiki mbili, siku ya kwanza tu baada ya shikamoo na chai akasimama barazani akaniambia, "Mwanangu hivi vichaka vyako vina kiu, huoni vilivyopauka kama majivu?" Nikamwambia hapana mama, ndo rangi yake, usivipe maji nakuomba. Akasema haya. Mi naenda kazini yeye anabaki na kopo. Alivyoondoka nikanyanyua chungu kimoja nikashindwa kwa uzito. Nilipomuuliza kwa simu akasema alivionea huruma, si unajua mama haangalii kitu chenye kiu akanyamaza. Kimoja kilikufa. Kwa hiyo kama unaishi na watu, mama, dada wa nyumbani, shemeji mwenye bidii, waeleze mapema na ikibidi kopo lifiche.

Jambo jingine ni maji ya kisima. Visima vingi vya Dar maji yana chumvi, ukiona utando mweupe pembeni ya chungu ndo hiyo. Ncha za majani zinaungua. Tumia ya bomba au kinga ya mvua kwenye pipa, na kama huna jinsi basi kila mara unapomwagilia mwaga mengi yasafishe chungu yatoke chini, usinyunyize kidogo kidogo maana maji yanakauka chumvi inabaki.

Hatua ya 7: Masika

Kuanzia katikati ya Machi ingiza vyungu chini ya paa ambapo mwanga upo ila mvua haifiki. Hiyo ndo sababu nakwambia chungu na sio ardhini. Visibanane, na kama sehemu ni kimya bila upepo panga upya. Siku jua likitoka vitoe, jioni rudisha, najua ni kazi, mi nimeviweka vinne kwenye ubao wenye magurudumu ya kiti kibovu cha ofisi.

Kabla ya mvua kuanza punguza kichaka ndani, toa vijiti vilivyokufa na majani makavu ya chini kwa mkono. Nilikuwa naona uvivu kufanya hivyo mpaka nilipofungua kichaka kimoja mwezi wa tano nikakuta ndani kumeota utando wa kijivu kama kwenye mkate wa wiki, wakati kwa nje kilikuwa kijani kizuri tu.

Hatua ya 8: Kupogolea

Kila wimbi la maua likiisha kata theluthi moja ya urefu, mkasi mkali, uliopanguswa na spiriti. Sheria ni moja, kata kwenye sehemu yenye majani. Ukishuka mpaka kwenye ule mti mgumu wa kahawia usio na jani hata moja, mara nyingi hapo hauchipui tena. Ukiogopa kukata nako unapata kijiti kirefu chenye shungi juu kama mnazi. Kubwa zaidi nafanya mwezi wa sita mwanzoni, ya mwisho ya mwaka mwezi wa pili ili iingie masika ikiwa fupi.

Wadudu sina mengi. Inzi weupe na vidukari wanakuja mara moja moja, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, nyunyiza jioni chini ya majani, asubuhi suuza kidogo na iache ikauke. Ukipogolea na kuacha nafasi hawakai.

Kuvuna

Kata asubuhi umande ukishakauka, vile viua vidogo kwenye shada vikiwa nusu vimefunguka. Funga mashada madogo, unene wa kidole gumba, yaning'inize kichwa chini penye giza na hewa. Vitabuni wanasema wiki mbili unakuwa tayari. Dar shada langu la kwanza lilining'inia jikoni wiki mbili likaota ukungu mweusi. Sasa naning'iniza chumbani karibu na feni na navuna zaidi kipupwe. Nikimaliza naweka kwenye vifuko vya kitambaa katikati ya kanga na mashuka kabatini, yanachanganyika na udi na asumini kavu, harufu ambayo siwezi kuielezea.

Usiichemshe chai. Inayowekwa kwenye chai na keki ni ile ya Kiingereza, dentata ina kafuri nyingi, iache kwa nguo na kuogea.

Na kuhusu mbu, maana kila anayekuja kwangu anauliza: chungu cha lavenda dirishani hakifukuzi mbu. Harufu inatoka ukisugua jani, mmea umesimama tu mbu anaupita kama anavyoipita kochi. Chandarua kibaki palepale.

Vipandikizi, kwa sababu hautadumu

Ulaya lavenda inaweza kukaa miaka 10 na zaidi. Pwani hesabu 3, ukibahatika 4. Kwa hiyo kila mwaka mwezi wa sita tengeneza warithi. Chagua tawi changa lisilo na ua, urefu wa sentimita 8 hadi 10, kata chini ya kifundo, vua majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga mtupu wa mto uliolowa kidogo. Mafunzo ya mtandaoni yanasema funika na mfuko wa plastiki, hayo ni ya watu wenye hewa kavu, huku ukifunika vinaoza ndani ya siku nne, weka tu kivulini penye mwanga. Baada ya wiki 3 mpaka 6 vuta kidogo sana kwa vidole, kikikugomea kina mizizi. Kata ncha ya juu kitoe matawi, mwezi mmoja mbele hamishia kwenye chungu kidogo.

Mwaka huu nimechomeka kumi vimeshika sita. Viwili ni vya mama, tumekubaliana anavichukua kwenda navyo Tanga na kopo linabaki Dar.